Namna ya Kuikamata Hewa Inayovuja Kabla Bosi Hajafika

Saa mbili na robo asubuhi. Umewasha skrini, na ule mstari uliolala kama mkeka jana, leo umesimama nywele. Sampuli za mboga zinasubiri kupimwa viuatilifu, mteja ameshapiga simu mara mbili, na mkuu wa maabara huingia saa tatu kamili. Una dakika 45 na siri moja. Sogeza kiti, mwenzangu, tuimalize pamoja.

Sikuombi uwe bingwa. Nakuomba usishtuke mbele za watu, ujue pa kuangalia kwanza, na uwe na la kusema ukiulizwa. Kila mtu anapenda kuonekana anaijua mashine yake, na mimi nimo. Njia za mkato zipo na nitakupa zote ninazozitumia. Ila zote ni za kuizidi mashine akili. Za kumzidi mteja akili sina, na ukija nazo kwangu nitakufungia mlango.

Nazungumzia spektromita ya masi iliyofungwa nyuma ya kromatografu ya gesi, ile inayopatikana kwenye maabara nyingi za chakula, dawa na mazingira. Ndani yake mna ombwe, kwa sababu ioni haiwezi kupita kwenye msongamano. Katika hewa tunayovuta mimi na wewe, molekuli haimalizi hata sehemu moja ya elfu ya milimita kabla ya kugongana na nyingine. Pampu mbili ndizo zinazoifungulia ioni njia. Ya kwanza ni ile ya oili iliyo chini ya meza, inayoanza kuvuta. Ya pili ni ya tabo, imo ndani, na mapanga yake huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Kanieneo ikishuka hadi sehemu moja ya laki moja ya torr, molekuli hupata mita kadhaa za kupita bila kugongana, na safari ya ioni ndani ya mashine haizidi urefu wa mkono wako. Tundu dogo usiloweza kuliona kwa macho linatosha kuharibu hesabu hiyo yote.

1. Usiguse spana

Mtu mwenye hofu hukimbilia chombo. Spana ikiwa mkononi hujiona unafanya kazi, na wanaopita mlangoni nao wanaamini hivyo, lakini nati nane zilizokazwa kwa hasira ni matundu mapya manane. Weka mikono mfukoni. Mashine imeshasema kinachoiuma. Wewe hujaisoma tu.

Fungua ukurasa wa usawazishaji, skani kuanzia 10, na utazame vilele vya chini kabisa, vile ambavyo wengi hatuvioni kwa sababu kazi za kila siku tunazianzia kwenye 50. Tafuta namba tano: 18 ni maji, 28 ni nitrojeni, 32 ni oksijeni, 40 ni agoni, 44 ni kaboni dayoksaidi. Hewa ina nitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Kwa hiyo kama hewa inaingia, 32 itasimama karibu robo ya 28. Ukiiona robo hiyo, umemwona mwizi uso kwa uso.

Sasa pima ukubwa wa wizi. Fungulia kile kimiminika cha kusawazishia, PFTBA, chenye vilele maarufu vya 69, 219 na 502. Linganisha 28 na 69. Wengi wetu tunavumilia hadi asilimia 10. Ikizidi hapo, kuna kazi.

Ikiwa 18 imezidi 28, shusha pumzi. Hilo ni unyevu, na hakuna tundu la kutafuta. Mashine iliyofunguliwa jana hunywa maji ya hewani, hasa ukiwa Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika, na maji yana tabia ya kung'ang'ania chuma kama kupe. Pandisha joto la chanzo cha ioni hadi pale mwongozo unaporuhusu, acha pampu zivute, kisha kanywe chai. Usifungue tena eti uhakikishe. Anayefungua tena anaanza upya, na maji yanamshukuru.

Jifunze sentensi yako ya kwanza. Bosi akiingia ghafla, usigeuke haraka. Endelea kutazama skrini, kisha sema: "Ni hewa, si maji. Nafuata nati." Maneno sita, yote ya kweli, na yatakupa nusu saa ya amani.

2. Mshuku mkono wako mwenyewe

Mashine iliyokuwa nzima Ijumaa haitoboki yenyewe Jumapili. Kuna mtu aligusa kitu, na mara nyingi mtu huyo ni wewe. Usijitetee, hakuna mahakama hapa. Jiulize tu: mara ya mwisho nilifungua nini? Hapo ndipo panapovuja.

Kabla ya lolote, pitisha vidole kimya kimya kwenye valvu ya kuingizia hewa, ile unayoifungua mashine inapozimwa. Ikiwa imelegea hata kidogo, ifunge na uendelee na mambo yako. Robo saa baadaye 28 itaporomoka, na hakuna atakayejua.

Ikiwa imefungwa sawasawa, nenda kwenye nati inayoshika kolamu pale inapoingia kwenye spektromita. Ndani yake mna feruli, kile kikoni kidogo cha grafiti na plastiki ngumu kinachobana kolamu ya unene wa uzi. Feruli mpya husinyaa ikipashwa na kupozwa mara chache. Uliikaza vizuri, ni kweli, lakini ulikaza feruli ya siku ile. Ya leo imepungua. Subiri sehemu hiyo ipoe, shika spana fupi, na uzungushe kidogo mno, kama mtu anayefunga kifuniko cha dawa ya macho. Ukisikia inakataa, iache. Feruli iliyopasuka kwa nguvu nyingi huvuja vibaya kuliko iliyolegea.

Hatimaye njoo kwenye mlango wa pembeni na ringi yake ya mpira. Maabara moja niliyofanyia kazi, tuliihangaikia mashine siku mbili nzima. Tulibadilisha nati, tukabadilisha feruli, tukaanza hata kuituhumu mitungi ya gesi. Siku ya tatu asubuhi, kijana aliyekuwa mafunzoni aliomba tuufungue mlango tuutazame kwa tochi. Alilaza tochi ubavuni mwa ringi ile nyeusi, mwanga ukateleza juu yake kama juu ya maji, na pale karibu na bawaba ukakatika. Unywele mmoja. Haukufika urefu wa kucha. Aliutoa kwa kibano, akaifuta ringi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, tukafunga, na kabla ya adhuhuri 28 ilikuwa chini ya asilimia tano. Tangu siku ile nafunga nywele zangu kwa kofia, na tochi yangu hukaa droo ya kwanza.

Njia ya mkato ya mlango ni hii: unapowasha pampu baada ya kufunga, ubonyeze kwa kiganja mpaka ombwe lenyewe liushike. Pampu ya chini itakoroma kidogo kisha itanyamaza. Ikiendelea kukoroma dakika kadhaa, zima. Mlango haujakaa.

3. Azima gesi kwa jirani

Vitabu vitakwambia unyunyizie heliamu. Kwako haitasaidia, kwa sababu heliamu ndiyo gesi inayopita kwenye kolamu yako mchana kutwa. Ukiitafuta utaikuta kila mahali. Chombo maalumu cha kutafutia matundu ni ghali, na fundi wa kampuni iliyouza mashine huenda yuko ng'ambo. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Tazama mtaani.

Fundi wa kuchomelea chuma cha pua anao mtungi wa agoni. Fundi wa friji anayo gesi ya R-134a, ambayo pia imo kwenye baadhi ya vikopo vya kupulizia vumbi la kompyuta. Zote mbili zinafaa. Iamuru mashine ifuatilie ioni moja tu: 40 kwa agoni, 83 kwa R-134a. Hiyo ya friji hutoa pia 69, lakini 69 ni ya kimiminika cha kusawazishia na itakuchanganya. Shikamana na 83.

Sasa chukua mrija mwembamba, puliza kidogo kwenye kiungo kimoja, na uhesabu hadi kumi huku macho yako yakiwa kwenye skrini. Mstari ukiruka, umefika. Usipotikisika, sogea. Gesi hizi zote mbili ni nzito kuliko hewa na hushuka, kwa hiyo anza na viungo vya chini ukipanda juu. Ukianza juu, gesi itateremka hadi kwenye tundu la chini na utamkamata asiye na hatia.

Puliza kidogo, nasisitiza. Agoni nyingi kwenye chumba kilichofungwa humnyima mtu oksijeni, na R-134a huipasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Pumzi moja inatosha. Wapo wanaodondosha asetoni kwenye nati na kutazama 43 na 58. Inafanya kazi, lakini kwenye nati yenye joto la nyuzi 280 ni njia ya mkato ya kuelekea hospitali. Hiyo sikupi.

4. Ikiwa si hewa, waite kwa majina

Hapa ndipo utakapopata sifa bila jasho. Uchafu wa mashine ni watu walewale kila mwaka, na kila mmoja ana namba yake. Bandika karatasi ndani ya mlango wa kabati na uisome wakati hakuna anayekuangalia.

207 na 281, zinazopanda pamoja na joto la oveni: kolamu inajitoa, utando wake wa silikoni unavunjika. 73 ikiongozana nazo, na hasa zikija kama vilele vilivyochongoka badala ya kilima, tazama septamu, ile raba inayotobolewa na sindano. Huenda sindano imemega kipande kikaangukia ndani. 149 ni thaleti, maana yake plastiki: glavu, kifuniko, chupa ya kiyeyushi iliyopita mahali isipotakiwa. 43, 57, 71, 85, zinazopishana kwa 14 kama ngazi za mnara, ni mafuta. Yanaweza kuwa ya pampu. Yanaweza kuwa ya kidole chako ulipokishika chanzo cha ioni bila glavu kwa sababu ilikuwa sekunde moja tu.

Losheni, dawa ya nywele na manukato ya kwapa nayo huingia. Mengi yana silikoni, na silikoni hupepea. Wenye mashine za kunyunyizia kwa umeme wanaikuta kila siku kwenye 445.12, na hapo naomba usimame kidogo uwavulie kofia: walipochoka kuifukuza, waliifanya rula. Uzito wake unajulikana kwa desimali nyingi, nayo ipo daima, kwa hiyo wanaitumia kusahihisha mizani ya mashine sampuli ikiendelea kupita. Uchafu wako usioondoka, ukiujua kwa jina, unaweza kuajiriwa.

Wala usione haya kuushuku uchafu kwanza. J. J. Thomson, kule Cambridge, alipopitisha neoni kwenye chombo chake mwaka 1912 aliona mstari wa 20 alioutarajia, na kando yake mwingine hafifu kwenye 22. Shaka ya kwanza ilikuwa kaboni dayoksaidi yenye chaji mbili, kwa kuwa nusu ya 44 ni 22. Akaipitisha gesi kwenye baridi ya hewa iliyopozwa kuwa kimiminika ili kaboni dayoksaidi ibaki nyuma. Mstari haukuondoka. Francis Aston, aliyekuwa msaidizi wake, alitengeneza chombo bora zaidi mwaka 1919 na kuthibitisha kwamba neoni ni za aina mbili, na mwaka 1922 akapewa Tuzo ya Nobel. Heshima yote ile ilianzia kwa mtu aliyetaka kuhakikisha kwamba mashine haijachafuka.

5. Zima kimoja kimoja, kuanzia nyuma

Namba zisipokutosha, tumia swichi. Zima filamenti. Kelele ikibaki, si kemia. Ni umeme: waya wa ardhi, kizidisho cha elektroni kilichozeeka, au mashine nyingine inayovuta soketi moja na yako. Ikiisha, washa filamenti na uache oveni ikiwa na nyuzi 40. Kelele ikirudi papo hapo, iko ndani ya spektromita au ni hewa. Ikiwa safi, pandisha joto bila kuingiza chochote: kinachopanda ni kolamu na kilichokusanyika kwenye inleti. Kisha choma sindano tupu. Kisha choma kiyeyushi peke yake. Hatua inayoleta kelele ndiyo yenye mgonjwa.

Inaonekana ni kazi ndefu, lakini hatua hizo tano huchukua chini ya saa mbili, na niliwahi kuona wiki nzima ikipotea kwa kubadilisha vipuri kwa kukisia. Usiruke hatua. Ukiruka moja utarudi kuifanya jioni, wenzako wakiwa wameondoka.

6. Inama chini ya meza

Ile pampu ya oili hakuna anayeiangalia kwa sababu kuinama kunachafua suruali. Inama. Oili iwe kati ya alama mbili na rangi yake iwe ya asali nyepesi. Ikiwa ya kahawia, ibadilishe. Kwa kawaida ni kila miezi sita. Ikiwa nyeupe kama uji, imekunywa maji. Kabla ya kuimwaga, fungua valvu ya gesi balasti kwa nusu saa pampu ikiwa ya moto, hewa kidogo iingie na kuubeba mvuke nje. Mara nyingi oili hurudi kuwa angavu na umeiokoa. Fanya hivyo sasa hivi, tukiendelea kuzungumza.

Umeme ukikatika, usiwashe kila kitu ukirudi tu. Acha tabo isimame, tazama kama oili imepanda kwenye bomba, ndipo uanze.

7. Saa tatu imefika

Amefika, na mstari bado umesimama nywele. Sasa unashindwa, na kushindwa kuna adabu zake. Usiseme "mashine mbovu". Usiseme "sijui". Sema: "Bosi, shikamoo. Nimeondoa hewa na nimeondoa umeme. Imebaki kolamu au inleti. Naiacha ivute usiku, kesho saa nne nitakuwa na jibu." Mtu anayetaja alichokiondoa husikika kama fundi, hata kama bado hajakipata alichokitafuta. Na ombwe kweli hukomaa usiku.

Ikiwa lazima kitu kitoke leo, unayo mikato miwili ya halali. Fuatilia ioni teule badala ya kuskani zote, na uchague zilizo mbali na 207 na 281, mstari utatulia. Pia unaweza kutoa usuli kwenye picha ya kilele ili kukilinganisha na maktaba, mradi usuli huo uwe umeukata kando ya kilele chenyewe na uandike kwamba umeutoa.

Mkato wa tatu unaujua. Ni kupandisha kizingiti mpaka kelele isionekane, ukachapa karatasi safi na kusaini "haikugundulika". Ni rahisi na hakuna atakayeona. Lakini kelele iliyofichwa huficha na kiuatilifu kilicho chini yake, na ile mboga italiwa na mtoto wa mtu. Hapo nakuacha, ndugu yangu. Mpigie mteja, mwambie kesho. Atanung'unika dakika tano.

Kabla hujatoka, fungua daftari la mashine. Andika tarehe, 18, 28, 32 na volti za kizidisho cha elektroni. Mstari mmoja kila asubuhi, hata siku nzuri. Siku mbaya ikija tena, utafungua ukurasa mbele ya bosi na kumwonyesha kwa kidole ni lini hasa ilianza, naye atakuomba uwafundishe wengine.

Na ile valvu ya gesi balasti bado iko wazi. Nusu saa imepita. Rudi ukaifunge.